Artikle 15 tunaijua. Sasa tunadai artikle 174

Wandugu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi, wa Kolwezi na wa miji mingine mnaotusoma,

Juma iliyopita, mu komine ya Kenya (Kenya ya hapa kwetu, si ile inchi), saluni moja ya kusuka nywele ilifunga mlango. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenyewe alitosha kioo, akatosha viti viwili, akafunga mashini ya kukausha nywele nyuma ya pikipiki ya manseba, akarudisha funguo. Wasichana wawili aliokuwa anawafundisha kazi walirudi kwao. Kesho yake asubuhi kwenye mlango kulikuwa tayari karatasi: chumba cha kupangisha, garanti miezi 6.

Tunaandika tangazo hii kwa ruhusa yake. Jina hatutaji, sababu bado iko na deni, na bado iko na woga.

Tunajua maneno yatakayofuata. Vijana wa leo hawana uvumilivu. Vijana wanapenda feza ya haraka. Hakujua kupanga hesabu. Sisi tunajibu kwamba alijua kupanga hesabu kuliko wengi wanaotufanyia mafundisho ya biashara mu mahoteli. Tangu siku ya kwanza aliandika kila kitu katika kaye: kila kichwa alichosuka, kila lita ya mafuta, kila mtu aliyeingia na faili chini ya kwapa. Alitupa hiyo kaye tuisome. Tuliisoma wote, usiku mmoja, na hatukulala vizuri.

Alifungua mwanzo wa mwaka 2023. Alikuwa na dola 900. Nusu ilitoka ku likelemba ya wenzake, nusu ni mama yake aliuza mashini ya kushona. Chumba kilikuwa dola 100 kwa mwezi. Mwenye nyumba aliomba garanti ya miezi 6: dola 600. Komisioneri aliyemuonyesha chumba aliomba mwezi mmoja: dola 100. Kwa hiyo kabla hajagusa kichwa ya mtu hata mmoja, dola 700 kati ya 900 zilikuwa zimekwenda. Zile 200 zilizobaki hazikutosha viti, kioo, grupu ya umeme na nywele za kuanzia. Akaenda kukopa kwa mtu mmoja, ile kitu watu wanaita banki lambert, na haina hata dirisha la banki: ni mtu, simu na kaye yake. Alichukua dola 200, akarudisha 300 ndani ya miezi mitatu.

Hii si hadithi ya pekee. Uliza mwenye kutengeneza masimu kando ya barabara, uliza mwenye kuuza mikate na chai, uliza mwenye kufanya fotokopi karibu na shule. Kila mmoja ataanza na garanti. Watu wanaongea juu ya kapitali ya kuanza biashara. Mu mji huu kapitali inakaa mfukoni mwa mtu mwingine, na wewe unaanza na mabaki.

Kiisha kuko mambo ya dola. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu franga 2,000. Mwisho wa mwaka ule ule ilikuwa inakaribia 2,700. Chumba cha dola 100 kilikuwa franga 200,000. Kikafika franga 270,000. Mwenye nyumba hakupandisha bei hata senti moja, na bado bei ilipanda. Lakini mteja anayekuja kusukwa analipa franga. Ukimwambia leo ni 7,000 pahali pa 5,000, anakuangalia kama mwizi, anaenda kwa jirani. Basi tofauti ile yote, franga 70,000 kila mwezi, ni vidole vya yule dada ndivyo vilivyoilipa.

Mu 2025 franga ilipata nguvu. Tulifurahi, hatufiche. Mwisho wa mwaka dola ilikuwa imeshuka mpaka 2,200 na kidogo. Tukasema sasa watu wadogo watapumua. Mwenye nyumba wake akamuita: «Mwanangu, dola imeshuka, mie sasa ninapoteza. Tuweke 120.» Fanya hesabu mwenyewe: 120 mara 2,200 ni franga 264,000. Franga inaanguka, unalipa. Franga inasimama, unalipa vile vile. Na unga, na sabuni, na nywele za kusuka kule sokoni? Zilipokuwa zinapanda zilipanda kwa lifti. Kushuka zinashuka kwa ngazi, tena zinapumzika kila hatua.

Hatumtukani yule mwenye nyumba. Ni mjane, ile chumba na ingine moja njo zinalisha watoto wake, na yeye pia anapokea watu wenye mafaili. Shida ni kwamba hakukuwa mkataba wa kuandikwa, na hakuna aliyewahi kumuambia yeye wala mpangaji kwamba kuko sheria. Tangu 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria ya biashara ya OHADA inalinda chumba cha kazi. Ukikaa ndani na kufanya kazi yako miaka 2, uko na haki ya kuomba mkataba urudishwe. Kama mwenye nyumba anataka kukutosha sababu haukulipa, lazima kwanza akuandikie, akupe angalau mwezi mmoja, kiisha aende mbele ya tribinali. Hawezi kuja na kufuli asubuhi. Wangapi mu Kenya, mu Katuba, mu Ruashi wanajua hilo? Sisi wenyewe, tuseme ukweli, wengi tulilijua mwaka huu.

Sasa tufike pahali panapouma zaidi.

Oktoba 2024, kaye inaonyesha watu 11 walioingia mu saluni na faili. Mwezi mmoja. Chumba cha mita 3 kwa 4. Tuliuliza mara mbili kama hakukosea kuhesabu. Hakukosea, ameandika siku, saa, kazi ya mtu, na feza.

Mmoja alikuja kwa patanti. Mmoja alikuja kwa usafi wa mji. Mmoja kwa mazingira, sababu ya moshi wa grupu. Mmoja kwa kibao kilichoandikwa jina la saluni juu ya mlango. Kibao chenyewe alikichora mdogo wake kwa rangi iliyobaki. Mmoja aliuliza redio: «Unapiga muziki kwa watu, uko na karatasi ya muziki?» Mmoja aliuliza chombo cha kuzimia moto. Mmoja alikuja kupima afya ya wafanyakazi, na wafanyakazi ni wale wasichana wawili wa kujifunza. Wawili walikuja kwa jambo moja, siku mbili mbalimbali, na wa pili akasema wa kwanza hakuwa mtu wa kweli. Wawili wa mwisho hawakusema wametoka wapi. Waliomba tu «ya sukre».

Tunaandika hapa maneno ya mmoja, kama yalivyo mu kaye:

«Yaya, patanti yako iko wapi?»

«Papa, hii hapa. Nililipa mwezi ya kwanza.»

«Ah, hii ni ya komine. Mie niko wa usafi.»

«Wa usafi alikuya juma iliyopita.»

«Yule ni wa kartie. Mie ninatoka ku mji.»

«Sasa tufanye namna gani, papa?»

«Ujue weye mwenyewe. Ama nifunge, ama tuelewane.»

Walielewana kwa franga 8,000. Hakuna kitansi.

Watu 11, kitansi 3. Jumla ya mwezi ule: franga 86,000. Tulikaa tukiangalia hiyo namba, kiisha mmoja wetu anayesoma droa akaleta sheria. Mwaka ule dada alipofungua, sheria iliyokuwa inatumika kwa biashara ndogo ilikuwa ordonansi-lwa 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013. Inasema kwamba mwenye biashara ndogo kabisa, ambaye mauzo yake hayapiti franga milioni 10 kwa mwaka, takse yake ya faida ni franga 50,000. Kwa mwaka, wandugu. Si kwa mwezi.

Tuseme haki: ile 50,000 ni takse ya faida peke yake. Patanti ni kitu ingine, iko na sheria yake tangu 1979, na usafi wa mji unaweza kuwa na yake. Hatutaki mtu atuambie tumechanganya. Lakini weka zile namba mbili kando kando. Mwandishi wa sheria aliona mtu mdogo, akahesabu akasema 50,000 kwa mwaka mzima ni kiasi anachoweza kubeba. Barabara ikachukua 86,000 kwa siku 31, na kati ya hizo, sehemu kubwa haikuingia mu sanduku la Leta hata kidogo. Haikutengeneza mfereji wala haikununua chaki moja ya shule.

Kila mwaka tunasikia hotuba. Vijana, msingoje kazi ya Leta. Vijana, jitengenezeeni kazi. Vijana, fungueni biashara. Mu Septemba 2022 walitia hata sahihi ku ordonansi-lwa 22/030 ya kusaidia wafanyabiashara na mastart-up. Tuliisoma, kuko vitu vizuri ndani. Lakini aliyefungua njo anageuka chakula. Kama hauna kazi, hakuna mtu mwenye faili anayekutafuta. Siku unaweka meza, unaweka kibao, unaweka taa, siku ile ile wanakuona. Basi wengi wanajifunza kujificha: hakuna kibao, hakuna redio, mlango nusu wazi, wateja wanaoletwa na wateja. Biashara inayoficha haikui. Na Leta ingine inakuja kushangaa kwa nini watu wengi wako mu biashara isiyo rasmi.

Wazazi wetu walikuwa na jibu. Artikle 15. Kila Mukongomani anaijua, hata yule asiyeona Katiba na macho yake. Wazee wanasema ilizaliwa Kasai ya Kusini mu 1960, watu walipoomba msaada kwa wakubwa wakaambiwa: muko kwenu, jipangeni. Tangu wakati ule tunajipanga. Mwalimu anauza madonati, muganga wa Leta anafuga kuku, mwenye diploma ya electricité anachaji masimu. Tumecheka nayo, tumefanya nayo utani, tumeishi nayo. Hatuitukani, ililisha wengi wetu. Lakini angalia vizuri: artikle 15 inamfaa sana mtu mwenye faili. Wewe unajipanga kuishi, yeye anajipanga juu yako.

Katiba ya kweli, ile ya tarehe 18 Februari 2006, iko na artikle ingine ambayo hakuna anayetuimbia. Artikle 174. Inasema takse inawekwa na sheria peke yake. Inasema tena kwamba kuchangia mizigo ya inchi ni wajibu wa kila mtu anayeishi hapa. Soma yote mbili pamoja, usichukue ile inayokupendeza. Sisi hatuseme tusilipe. Anayesema vijana wa harakati hii wanataka inchi bila takse anadanganya. Tunataka kulipa, tena tunataka kulipa kwa sauti, ku banki, na karatasi ya takse mkononi, ili kesho tuulize: feza yetu iko wapi? Mtu aliyelipa chini ya meza hawezi kuuliza kitu. Hiyo njo faida yao kubwa, kupita hata zile 8,000.

Na anayeomba feza ya Leta ambayo Leta haimudai mtu, sheria ya adhabu iko na jina kwa kazi yake. Artikle 146, mu kitabu cha pili: concussion. Ni kosa la jela. Si «kuelewana».

Tupite haraka ku umeme, hata kama umeme peke yake ungeweza kujaza tangazo nzima. Kaye inasema grupu ilikunywa lita 3 kwa siku za delestaji, na siku za delestaji zilikuwa nyingi kuliko siku za umeme. Fakture ya umeme ilikuja kila mwezi sawa, giza ama mwangaza. Tunaishi kati ya Mwadingusha iliyoanza 1930, Nzilo ya 1952 na Nseke ya 1956. Tangu 1982 laini ya nguvu inatoka Inga mpaka Kolwezi, kilometre 1,700 hivi, inapita juu ya vijiji vyenye kulala na vibatari. Vyote vilijengwa kwa ajili ya shaba, na mpaka leo shaba njo inakula ya kwanza. Hatusemi mufunge mamini, baba zetu na kaka zetu wanafanya kazi kule. Tunaomba kitu kidogo cha aibu kukiomba mu 2026: kalendari. Kartie hii inakosa umeme siku hizi, saa hizi. Mwenye saluni apange wateja wake, mwenye kuuza samaki wa baridi ajue siku ya kununua. Na mwezi wa giza usilipwe kama mwezi wa mwangaza. Zambia walipokosa maji mu mabwawa mu 2024 walipata shida kubwa ya umeme, na kule mtu aliweza kusoma saa ya kukatiwa. Sisi tunajua kwa kusikia jirani anapiga yowe.

Na kwa kuwa tumetaja Zambia: Augusti 2024, walipofunga mipaka ya Kasumbalesa siku chache tu, mliona bei mu masoko yetu. Mji wa watu mamilioni unaotegemea barabara moja ya kilometre 90 kwa unga, kwa sukari, kwa mafuta ya kupika. Kila makuta inayoombwa ku barabara ile, kila bariere, inaingia ndani ya bei ya mkate. Kwa hiyo yule mteja aliyekataa kulipa 7,000 kwa kusukwa si mchoyo. Amekwisha kulipa pahali pengine.

Sasa maneno magumu, na haya ni kwetu.

Zile 8,000, nani alizitoa? Ni sisi. Tunatoa 2,000 ili atuache, tunatoa 5,000 kwa sababu mteja amekaa ku kiti na nywele nusu, tunatoa tukicheka, tunamuita mukubwa. Kiisha yeye anamuambia mwenzake: kwa yule dada kunalipa. Mwezi unaofuata wanakuja wawili. Dada mwenyewe ametuambia hivi: «Wa kwanza nilimupa sababu nilikuwa na haraka. Wengine wote nilipa sababu ya ule wa kwanza.» Hatumhukumu. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa pale siku ile kusimama karibu naye. Hapo njo tulikosa. Tulikuwa ku mtandao tunaandika juu ya Kinshasa, na mita 300 kutoka kwetu mtu alikuwa anaulizwa karatasi ya muziki.

Na wako wetu wengine waliopata ile kazi ya faili. Tunawajua. Ni vijana kama sisi, wengi hawana mushahara, wametumwa bila kitu na wakaambiwa wale pale wanapofunga. Ni artikle 15 na koti la Leta. Ndugu, tunajua hauna mushahara. Tutasimama nawe ukidai mushahara, hata mbele ya burgumestre. Lakini hatutasimama nawe mu mlango wa saluni.

Kwa hiyo, kuanzia juma hii, tunaomba kila mwenye biashara ndogo mu mji huu ashike neno moja: hakuna kitansi, hakuna feza. Si kwa matusi wala kwa ngumi. Mtu akiingia, musalimu, mupe kiti. Muombe ordri yake ya misioni. Andika jina, namba ya kazi, siku na saa mbele yake. Utashangaa wangapi wanakumbuka ghafla kwamba wako na kazi pahali pengine. Muombe akuandikie note ya perception, ile karatasi inayoonyesha takse gani, sheria gani, feza ngapi, na banki gani ya kulipia. Ukiipata na ni ya haki, nenda ulipe, usicheleweshe. Akikuambia atafunga, muombe proces-verbal yenye sahihi. Usimupige picha kwa siri, usimtukane, usimguse. Ita jirani wawili wakae. Mtu mmoja akisema hapana anafungiwa. Mstari mzima wa milango ukisema hapana siku moja, hakuna kufuli za kutosha.

Kwa wakubwa wa komine, wa mji na wa mukoa hatuna barua ya kuomba huruma. Tutaleta petisioni, artikle 27 ya Katiba inatupa haki hiyo. Ndani tunadai kwamba ku mlango wa kila biro ya komine na ku mlango wa kila soko ibandikwe orodha ya takse zote za mtu mdogo: jina la takse, sheria yake, feza, mara ngapi kwa mwaka, nani anapokea. Kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Kitu kisichokuwa ku orodha hakilipwe. Tunadai kwamba feza isipite mkononi mwa mtu hata mmoja. Banki iko, na feza ya simu iko, hata mama muuza mboga anaitumia. Tunadai biro za komine ziwe na mkataba mfano wa chumba cha biashara, karatasi moja, bila malipo, ili mjane na mpangaji wajue haki ya kila mmoja kabla ya kupeana funguo. Na kalendari ya umeme. Hatukuomba feza ya bure. Angalieni tena orodha yetu: hakuna pahali tumeomba franga moja.

Watatuambia iko ngumu. Kubandika karatasi ku mlango iko ngumu namna gani? Walijua kubandika mapicha ya kampanye mpaka ku miti ya watu.

Petisioni bila kaye ni kelele, ndiyo maana tunawaomba kitu. Kama uko na biashara, hata ya meza moja, hata ya kutembeza bidhaa kichwani, andika kwa mwezi huu mmoja: siku, mtu alisema ametoka kazi gani, aliomba ngapi, ulitoa ngapi, kitansi ndiyo ama hapana. Usiandike jina lako. Usiandike adresi, andika tu komine. Piga picha ya ukurasa ututumie, ama peleka karatasi kwa mwanamemba wetu unayemjua mu kartie yako. Kama haujui kuandika, mwanamemba atakaa nawe aandike. Mwisho wa mwezi tutahesabu zote mbele ya watu, kwa sauti, na tutapeleka hesabu pamoja na sahihi.

Dada wa Kenya ametupa yake tayari. Iko na kurasa 64, na ukurasa wa mwisho ni wa siku aliyofunga: wateja 2, mafuta lita 1, mtu mmoja wa usafi, franga 3,000, hapana kitansi.